Potasiamu ya Mama Mkwe

Shoga, uko wapi? Leo nimeumbuka mpaka natamani ardhi inimeze.

Mama mkwe alikuja maabara kwetu kupima figo. Nikatangaza kwamba huyu namtoa damu mwenyewe, asiguswe na mtu. Mbwembwe hizo!

Kwa kiherehere nikaanza na chupa ya kifuniko cha zambarau, ile yenye dawa ya kuzuia damu isigande. Ikajaa. Ya kifuniko chekundu, ndiyo ya kipimo cha figo, ikafika nusu, mshipa ukagoma. Kumchoma tena mama mkwe? Nikaona haya. Nikaijazia kidogo kutoka ile ya zambarau. Kidogo tu!

Mashine ikatoa potasiamu kumi na nne. KUMI NA NNE! Kwa kiwango hicho moyo unasimama. Nikampigia mume wangu huku nalia: "Njoo, mama anatutoka!" Akafika na shangazi zake wawili, vilio tangu getini.

Mama mwenyewe yuko kwenye benchi anafuma kitambaa. "Kwani nani amekufa?"

Mkuu wa maabara akasoma majibu, akaniuliza polepole: "Ulimimina ya zambarau?" Kumbe potasiamu yote ile ilitoka kwenye dawa ya chupa! Akanionyesha kwa kidole tangazo la ukutani: USIMIMINE DAMU KUTOKA CHUPA MOJA KWENDA NYINGINE.

Mwandiko wangu, shoga. Mwandiko WANGU!

Nikamchoma mama mkwe upya. Potasiamu nne nukta mbili, mzima kabisa. Akashusha mkono wa gauni, akasema mbele ya wote: "Mwanangu, siku nikifa kweli, kutangaza waachie wengine."