Alama Katikati ya Chai

Baba, shikamoo.

Huku Amani mvua haijapumzika, nami nimechoka kuanika sare zisizokauka.

Nilipochelewa kukutumia lokesheni, ulidhani sitaki uje kwenye kipaimara changu. Sivyo. Nyumba tuliyohamia imezibwa na miti, na simu ikikosa mtandao wa kuisaidia, huzitafuta setilaiti yenyewe, polepole mno. Mama akaniuliza, "We Anjela, mbona unaipepeta simu yangu kama ungo?"

Nikapanda kwenye shamba la chai, penye anga wazi, ikakamata. Kwa hiyo alama uliyopata si ya nyumbani. Nimeiacha hivyo, maana Mama bado hataki kusikia jina lako. Nisubiri hapo hapo kwenye chai. Nitapitia nikiwa na gauni jeupe, unione kabla ya ibada.

Mwanao,
Anjela