Mama Mkwe Alipofua Glavu Zangu

Alhamisi. Asubuhi jua, alasiri mvua, kama kawaida ya Kakamega. Mimi nimelia katikati.

Nauza mikoba ya mitumba sokoni. Miaka michache iliyopita, ndani ya robota la mikoba, nilikuta glavu ya ngozi kubwa kama mkono wa jitu. Wenzangu wakacheka. Baadaye nikajua ni ya besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ambao hadi leo sijauona ukichezwa. Tangu hapo nazikusanya, na nimejifunza kuzitambua. Zile za zamani kabisa ni ndogo, vidole havijaunganishwa kwa kamba, na hufungwa kwa kifungo.

Mwezi jana nilipata moja ya namna hiyo. Huenda ilishonwa kabla mama mkwe wangu hajazaliwa. Muhuri wa kiganjani ulikuwa umefifia, lakini kwenye mkanda palishonewa kitambaa kidogo cha bluu chenye jina la mtengenezaji. Nilikuwa nimesoma herufi za mwanzo tu. Jumamosi ningekipiga picha juani niwatumie wakusanyaji wenzangu mtandaoni.

Sikuwahi.

Mama mkwe, Mama Rasoa, alikuja juzi kutoka Malinya kututembelea. Leo nikiwa sokoni aliziona glavu kabatini, akaona uchafu. Akaziloweka kwenye karai, akazisugua kwa sabuni na brashi ya viatu, akazianika juu ya mabati. Niliporudi zilikuwa zimekunjamana, nje ngumu kama ubao, ndani bado mbichi. Ile kuukuu haina muhuri tena. Kitambaa nacho hakipo.

Nilimuuliza maji aliyamwaga wapi. Akanionyesha migomba.

Nilipiga magoti matopeni, mvua ikianza, nikachambua majani na povu kwa vidole. Sikuweza kumfokea. Ni mama wa mume wangu, na alidhani ananipunguzia kazi. Lakini nilijua nikifungua mdomo nitasema neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Akanifuata, leso imelowa, akauliza nimepoteza nini. Nikamwambia ni kitambaa kidogo cha bluu, kama ukucha. Akapiga magoti kando yangu akaanza kuchambua.

Hatukukipata.

Jikoni nilizipaka glavu mafuta ya kukamulia ng'ombe, nikazijaza magazeti zisinywee. Mbili zilipasuka kidole gumba. Ile kuukuu ilianza kuachia nyuzi kila nikisukuma gazeti ndani. Nikashindwa. Nikaiweka mezani nikafunika uso.

Mama Rasoa akaichukua, akaingiza mkono wake polepole.

"Wacha ikaukie kwa mkono wangu," akasema. "Hii walikuwa wanavaanga mkono gani?"

"Wa kushoto, Mama."

"Basi nimevaa vizuri."

Amekula obusuma, ugali wa kwetu, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa ndani ya glavu, umelala mapajani. Hajalalamika. Nami sijamshukuru.

Nimekaa na simu hii nikijaribu kukumbuka zile herufi, na hata hizo zimeanza kunichanganya. Jina limeenda na maji. Hakuna mtu mwingine aliyeliona.

Sijui kama hasira hii itaisha kabla hajarudi Malinya. Najiahidi kitu kimoja tu: nikiamka, nitamsalimia Mama kwanza, ndipo niitazame glavu.