Macho ya Kwetu

Bondeni, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Ndugu yangu Kihara,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, joto la Lodwar halijakukausha, na wanafunzi wako wanakuheshimu kuliko sisi tulivyowaheshimu walimu wetu. Huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, na viazi vya shamba la Gilgil vimechanua hadi karibu na barabara. Shemeji yako Owino anakusalimu. Mpwa wako Adero amengʼoka meno mawili ya mbele na amekataa kuimba kwaya mpaka yaote. Mimi bado nashona sare za shule, na cherehani inapiga kelele kama zamani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Ni kwa sababu kila nikikupigia na kutaja habari ya macho, wewe ghafla una kipindi darasani, hata ikiwa Jumamosi. Barua huwezi kuikatiza. Tafuta mahali pa kukaa.

Mambo yalianza mwezi wa pili. Nilikuwa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikawa naomba wateja wanisaidie. Mmoja wao, Truphosa, alinicheka na kuniambia nimefika umri wa miwani ya kusomea, niende hospitali ya macho hapa mjini nipewe, nirudi kazini. Nilienda nikidhani ni shughuli ya kusoma herufi ukutani tu. Nikampata daktari mmoja mama, Jelagat, mpole lakini mwenye maswali mengi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyepoteza macho. Nilimwambia, "Daktari, afadhali uulize nani hajapoteza."

Nikamsimulia habari za Baba. Unakumbuka alivyoanza kugonga mabega kwenye miimo ya mlango, akasema nyumba imekuwa nyembamba. Unakumbuka alivyoacha kuwaona watu waliomjia kando, wakadhani ana maringo, mpaka siku ile alipomkanyaga ndama aliyelala karibu na mguu wake. Nikamwambia kwamba nyanya yetu naye alikufa haoni, na kwamba Tata Wachuka, dada ya Baba, aliyekuja Gilgil kumtunza, naye macho yakamwishia huko huko. Watu wa kwetu wakasema ndiyo macho ya ukoo wetu wa kina Karanja, hakuna dawa. Tata mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Baba alipotutoka nilimleta hapa Bondeni, akawa anakaa kando ya cherehani akichambua maharagwe kwa vidole.

Daktari alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza Tata alipimwa lini mara ya mwisho. Nikasema hajawahi. Akaweka kalamu chini. Akaniambia nimlete kesho yake, na nisimsikilize mtu yeyote atakayesema kwamba mama huyo ni mzee mno kutibiwa.

Tata alikataa. Alisema macho yake ameshayazika na hataki mtu ayafukue. Ni Owino aliyemshawishi. Alimwambia kwamba hospitali hiyo ina viti vizuri na watu wengi wa kuzungumza nao, na Tata anapenda watu. Akavaa koti lake la kanisa akaenda.

Kihara, Baba na Tata hawakuwa na ugonjwa mmoja wa macho. Baba, kwa jinsi nilivyomweleza daktari, karibu kwa hakika alikuwa na presha ya macho. Hiyo huua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, polepole, bila maumivu, ikianzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Lakini Tata alikuwa na mtoto wa jicho. Kioo kilicho ndani ya jicho kilikuwa kimefifia kama dirisha la jikoni lenye moshi, jambo linalowapata wazee wengi, wa ukoo wowote. Walimpima presha, ikawa sawa. Walimulika mishipa, ikaonekana mizima. Daktari alisema upasuaji wake ni mfupi, wanatoa kioo kilichochafuka na kuweka kipya. Miaka yote hiyo tulimkalisha gizani kwa sababu tulidhani tunajua jina la ugonjwa wake.

Nililia hapo hapo, Tata akaniuliza ninalia nini na aliyekuwa kipofu ni yeye.

Walipasua jicho la kulia kwanza. Kesho yake muuguzi akaondoa bandeji. Tata alipepesa, akatazama mikono yake, akaigeuza juu na chini. Halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa. Akasema, "Wangechi, umekuwa mnene namna hii na hakuna mtu aliniambia."

Chumba kizima kilicheka, pamoja na wagonjwa waliokuwa wamefungwa bandeji. Kisha Adero akaingia. Mpaka siku hiyo Tata alikuwa anamjua kwa sauti na kwa kumshika nywele tu, kwa maana alizaliwa yeye akiwa haoni tena. Alimshika uso kwa mikono miwili. Mtoto akamwonyesha mapengo yake, na Tata akayaangalia moja baada ya jingine kana kwamba ni zawadi. Baadaye aliniambia mtoto ana paji la uso la Baba.

Sasa jicho la pili nalo limepona, na nyumba hii haina amani. Tata ameona utando wa buibui uliokuwa juu ya kabati. Ameona kwamba mapazia niliyomwambia ni ya buluu ni ya kijani, akaniambia mimi ndiye nilihitaji kupimwa. Owino alikuwa amemhakikishia miaka hii yote kwamba yeye bado ana nywele nyingi kichwani. Siku tuliyomrudisha nyumbani, alimpokea mlangoni akiwa na kofia, na alikula nayo. Kesho yake Tata aliomba apelekwe Gilgil. Alitembea shamba zima peke yake, bila kushikwa mkono, akasimama kwenye ua na kumwita jirani Kipkemei aje kuondoa ngʼombe wake kwenye viazi vyetu. Mzee huyo alikuja mbio, akasimama, akavua kofia. Alisahau ngʼombe kabisa. Walizungumza hadi chai ikapoa.

Sasa nifike kwa lile nililokuwa nalizunguka. Siku ile ya kwanza, kabla ya kuniambia nimlete Tata, daktari alinipima mimi pia. Presha yangu iko juu, na kwenye jicho la kushoto mshipa umeanza kuguswa, kidogo tu, pembeni. Mimi ninayo ya Baba, Kihara.

Usisimame. Endelea kusoma. Nilipoambiwa, niliona mlango mwembamba wa Gilgil. Daktari aliniacha nitulie, kisha akanieleza, nami nakueleza wewe kama alivyosema. Mtoto au ndugu wa mtu mwenye ugonjwa huu ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko jirani yake wa kuupata, mara kadhaa zaidi. Lakini uwezekano si hukumu. Katika nyumba moja, mmoja huupata na mwingine akazeeka bila kuuona. Hakuna anayeweza kumtazama mtu usoni akajua. Anayejua ni yule anayepimwa, na anayepimwa mapema hupewa dawa, na dawa hulinda yale macho ambayo bado yapo. Baba hakupoteza macho kwa sababu ya damu peke yake. Hakuna aliyemtazama wakati bado kulikuwa na kitu cha kuokoa.

Basi mimi naweka matone kila jioni, Adero ananihesabia, na nimerudi kupimwa mara mbili. Presha imeshuka. Nimepata na miwani yangu ya kusomea, na uzi natunga mwenyewe. Niko vizuri, na sikwambii hivyo kukutuliza.

Kuna jambo jingine, na kwa hili utakasirika. Mchumba wako Cate alikuja kuniona. Alikuja na keki, akakaa, akaniuliza kwa upole kama una mwanamke mwingine huko Lodwar, maana tangu mwaka jana ukitajiwa harusi unanyamaza. Nami nilikuwa najua sababu. Ulinieleza siku ya mazishi ya Baba kwamba hutamwoa mtu ili aje akushike mkono kukupeleka chooni, wala hutazaa watoto wa kuingia gizani. Uliniomba nisimwambie. Nimemwambia.

Alicheka hadi akavua miwani yake afute machozi. Akasema kwao yeye, mama yake na kaka zake wote hawajawahi kuona ubao darasani bila miwani, na hakuna mtu aliyewahi kukataa kuoana nao. Akasema, "Mwambie watoto watapimwa. Wa kwake na wa kwangu ni wale wale."

Kisha akatoka moja kwa moja kwenda kwa Daktari Jelagat na kukuwekea nafasi, Jumatatu ya kwanza shule zikifungwa mwezi wa nane. Anasema atakuwa kwenye benchi la nje asubuhi hiyo, uje usije. Majibu yakiwa mazuri mtaenda kununua pete. Yakiwa mabaya mtapitia duka la dawa kwanza, halafu mtaenda kununua pete.

Tata, Owino na Adero wanakusalimu sana. Wasalimie walimu wenzako, na uwaombe ruhusa mapema.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wangechi