Mashimo Yako Juu ya Ziwa

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia, ingawa sijui huko kwenu ulikotolewa watoto huwaamkiaje mama zao. Hukunifundisha, nami sikuuliza. Nimejifunza kuandika misheni, mtu mzima na mtoto mgongoni, na barua yangu ya kwanza nakuandikia wewe usiyeweza kuisoma.

Unalikumbuka shamba lako la mteremkoni, juu ya ziwa? Wengine walilima kwa kushuka moja kwa moja. Wewe ulipanga nyasi zilizofyekwa zikawa miraba, ukachimba shimo katikati ya kila mraba, na kwa udongo wake ukazifunika zile nyasi, ukapanda maharage. Ndivyo Wamatengo wanavyolima, nawe ulikuwa Mmatengo, umeletwa huku Songea mateka ungali msichana, kabla baba hajakuoa. Shangazi hakukuacha usahau. Alikuwa anasimama kando ya shamba, mkono kiunoni.

“Wifi, hapo unalima au unafukua panya?”

“Nafunga udongo, wifi, usije ukaukuta mtungini kwako.”

Nilicheka pamoja na shangazi, mama. Nilikuonea haya, na hilo linaniuma mpaka leo.

Vita vya Majimaji vilipokwisha, Wajerumani walichoma maghala, na njaa ikakuchukua. Nilibaki na jembe lako na lile shamba. Nikafukia mashimo yote, siku nne mfululizo, nikapanda ulezi kama watu wengine. Niliwaambia majirani nina haraka ya kula. Kweli nilikuwa na njaa, lakini pia nilichoka kuitwa mtoto wa mateka.

Mvua ya kwanza ikashusha udongo wote ziwani. Si wangu peke yake. Kila mwenye njaa alikuwa amefyeka mpaka kwenye matete. Maji yakawa mazito kama uji, perege wakaelea matumbo juu, watoto wakaharisha. Mimi nilimzika wangu mmoja. Wanawake wa bondeni, wanaochota maji kwenye mto unaotoka ziwani, wakapanda kuja kwetu na majembe mabegani. Nilidhani wamekuja kupigana.

“Mnatunywesha mashamba yenu,” alisema mmoja wao, kisha akakaa chini. Hakuna aliyekuwa na nguvu za ugomvi.

Nasi tukakaa, wa juu na wa chini, tukilitazama ziwa. Halafu shangazi akanigeukia. Amekonda siku hizi, ungemhurumia.

“Mwanangu, yale mashimo ya mama yako yalichimbwaje?”

Nilijua nusu tu. Tulipanga nyasi za kushuka, tukasahau za kukatisha mteremko, na mvua ikazoa kila kitu. Tukaanza upya. Uliwahi kunieleza kwamba kwenu kufyeka ni kazi ya wanaume, lakini wanaume wetu wengi walinyongwa, au walichukuliwa kubeba mizigo ya askari wasirudi, basi tulifyeka wenyewe. Wa bondeni walikuja siku mbili kila wiki, nasi tukawagawia mbegu za maharage. Tulikubaliana matete ya ukingoni, yanayozuia matope, yasiguswe na mtu yeyote, hata mke wa jumbe. Alinuna, akazoea.

Huu ni mwaka wa tatu. Maji yametulia, ukiinama unaona mchanga. Nimeanza kulala vizuri.

Juzi alikuja mgeni kutoka kijiji cha ng’ambo ya mlima, kwao nako ziwa lao linawachafukia. Akatembea kati ya mashimo yetu, akauliza nani alitufundisha. Zamani ningemwambia tulijua tu. Safari hii nikamwambia ni mama yangu, Mmatengo, aliyeletwa hapa mateka.

Shangazi alikuwa nyuma yangu na jembe lake. Nilingoja anikatize. Akamwangalia yule mgeni, akasema, “Alikuwa wifi yangu. Sisi tulikuwa tunamcheka.”

Kisha akainama kuchimba, akilia, nami nikachimba pembeni yake.

Lala salama, mama. Nisamehe.

Mwanao, binti wa Mmatengo