Sanduku Limelala

Jumatatu, 4 Machi

Yamefika! Makabati mawili ya seva, kila moja limeviringishwa nailoni kama zawadi. Tumeyashusha kwenye lori kwa mikono. Kuli hana kreni.

Seva ndiyo kompyuta inayopokea habari zote za kiwanda: joto la tanuri, mwendo wa kinu, saruji iliyotoka. Ya zamani imechoka. Juzi juzi ilikata ghafla, tanuri likiwa limewaka, skrini zikawa nyeusi, na kabla watu hawajajua joto limefika wapi, mawe ya moto yakamwagika. Shemeji yangu akaungua mguu. Ndipo wakubwa wakashtuka.

Mhandisi wa kompyuta hataki kununua kwa picha za kwenye karatasi. Kaamua yote mawili yawekwe karibu na kinu, kwenye vumbi lenyewe, yajaribiwe. Litakaloshinda litanunuliwa kwa ajili yetu na kwa ajili ya viwanda vingine vya kampuni.

Moja lina matundu kila upande na feni tele. Tumelibatiza Chekeche. Muuzaji wake anavaa tai kwenye joto hili! Anasema ni kulipuliza tu kila asubuhi. La pili limezibwa pande zote, linajipoza lenyewe kwa ndani. Hilo ni Sanduku. Limeletwa na dada mmoja wa buti kubwa. Yeye anasema lake halihitaji mtu.

Halihitaji mtu. Mtu mwenyewe ni mimi.

Jumatano, 6 Machi

Naandika ili nisahau. Kazi yangu ni kupuliza vumbi kwenye chumba cha seva. Kina kiyoyozi. Ndani ya chumba kile kifua kinatulia kama cha mtu mwingine.

Zamani nilikuwa tanurini na Shemeji. Nilianza kulala nimekaa. Daktari wa kampuni akijua una kifua, anakurudisha kwenu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Shemeji aliniombea kazi nyepesi, akasema mgongo. Mgongo wangu hauna hata kidonda!

Mke wangu kapiga simu. Kauliza, bado unakohoa? Nikaiweka simu chini ya mto, nikakohoa, nikaichukua tena. Nikasema sikohoi. Akasema, mbona simu ilikuwa inakohoa.

Mhandisi kaenda makao makuu. Kila siku nimpigie nimweleze hali.

Jumamosi, 9 Machi

Zinawaka zote. Ndivyo nilivyosema kwenye simu. Zinawaka, ndiyo, lakini Chekeche linahema kama mimi. Asubuhi nalipuliza, adhuhuri feni zinalia, nalipuliza tena. Sanduku kimya. Nimeweka sikio — kimya.

Nalichukia lile dude. Chuma, na nalichukia!

Jumanne, 12 Machi

Kinu kimetikisa sakafu tangu asubuhi kama kina deni na mtu. Mguu mmoja wa Sanduku ukalegea, ukachomoka, likaegemea bomba. Nimempigia Mhandisi mbio mbio. Sanduku limelala! Akauliza, limelala? Nina uhakika? Nikasema nimeliona kwa macho yangu. Akafoka: basi chomoa waya, usiliguse!

Nikachomoa. Nikajisemea, huyu ana utu, anaogopa nisipigwe na umeme likianguka.

Mafundi wa kinu wamelisimamisha, wakakaza mguu. Kazi ya dakika chache. Waya nimeuacha kama nilivyoambiwa.

Alhamisi, 14 Machi

Dada wa buti kaja leo. Macho mekundu. Kauliza, kaka, lililala wakati gani? Asubuhi, dada. Likiwa na joto? Nikamwambia, hapa hata maji ya kunywa yana joto. Akacheka, ila si kwa furaha. Akasema dude lake limekaa migodini na bandarini halijawahi kuzima, leo limezimia hapa, na ofisini kwao wameshamtolea maneno.

Kuzima! Nani kasema limezima?

Mimi.

Huku kwetu kwenye kinu, nguzo ikiinama imelala. Ukuta ukienda upande umelala. Kwao wa kompyuta, mashine iliyolala imezima. Neno moja, na mimi ndiye niliyelitamka!

Ningemwambia pale pale. Mdomo uligoma. Tai, yule muuzaji wa Chekeche, kapita akinipa mkono, jambo ambalo hajawahi. Mzee wa kazi, kasema, wewe na Chekeche mtazeeka pamoja!

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Halafu nikaenda kulipuliza, nikakuta vumbi limeganda kwenye feni kama uji. Hili litakata. Si leo, lakini litakata, na Shemeji atakuwa juu ya tanuri.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwambia Shemeji. Alikuwa kitandani kwake anabadilisha bandeji. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha: nyamaza.

— Ninyamaze vipi, shemeji?

— Kama watu wengine wanavyonyamaza. Funga mdomo, basi.

— Chekeche likikata ukiwa juu?

— Nitakimbia.

— Kwa mguu upi?

Tukacheka, jamani! Tukacheka mpaka kicheko changu kikageuka kikohozi, na yeye akaacha kucheka. Akanishika mgongoni mpaka kikapita. Akasema, ukirudi tanurini utatoka umebebwa, na mimi dada yangu nitamtazama kwa jicho gani? Mguu unapona, kasema. Kifua hakina bandeji.

Kila mtu kageukia ukuta wake.

Jumatatu, 18 Machi

Niko kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kikao. Naandikia gotini, mwandiko wa kuku.

Nimesema.

Sikuitwa. Nimebisha, nikaingia na ovaroli yangu. Wote walikuwepo: Meneja, Mhandisi, Tai, dada wa buti. Kalamu ya kusaini ununuzi wa Chekeche ilikuwa tayari mkononi mwa Meneja. Nikasema, samahani wakubwa, Sanduku halikuzima. Liliinama.

Mhandisi: si ulisema limelala?

Nilisema.

Sasa?

Lililala kama nguzo, bosi. Halikulala kama mtu.

Meneja kacheka mpaka akatoa leso. Mhandisi hakucheka. Alikuwa anakumbuka aliyeniamuru nichomoe waya ni nani. Dada wa buti kafumba macho tu. Tai akauliza, mzee, umetumwa na nani? Nikajibu nina shemeji juu ya tanuri. Hakuelewa. Chekeche limejaa uji wa vumbi, nikasema, nendeni mkaone, mimi nalipuliza mara mbili na haitoshi.

Wamekubaliana Sanduku liwashwe, lijaribiwe upya. Nikadhani nimemaliza. Meneja akasema subiri kwanza. Likishinda hili lisilotaka mtu, wewe tukuweke wapi? Tanurini kuna nafasi. Mgongo umepona?

Umepona — tanurini. Haujapona — daktari, na daktari ataweka chombo chake kifuani. Meneja akasema, haya, kafikirie hapo nje, sisi tunakunywa chai.

Nafikiri. Nasikia vijiko vinagonga vikombe. Nimewaza mgongo, mke, mgongo, mpaka kikohozi kikanikamata. Nikaziba mdomo kwa mkono wa ovaroli, nikainama, machozi yakatoka. Nilipoinua kichwa Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Hakuuliza mgongo. Kauliza polepole: hicho kifua ni cha lini?

Nikafuta machozi. Katazama ndani, kanitazama mimi, karudi kwa wenzake. Chai hakwenda kuongeza. Na mlango kauacha wazi, nawasikia wote, ila yeye bado hajafungua mdomo kutaja kifua changu.