Goti Limepona, Mama Anajua Msuli Umekufa

Babati, 4 Januari 1985

Mshauri mpendwa, shikamoo.

Hapa kijijini Nakwa sina wa kumwambia, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyeujua uso wangu, maana mimi ni msichana wa miaka kumi na saba na hata kwenye kitubio padre huniambia nirudie, hasikii, sauti yangu ni ndogo. Mwaka jana nikiwa kidato cha tatu niliteleza na debe la maji shuleni, goti likavunjika, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, miezi miwili na kurudishwa nyumbani, na nyumbani ndipo mambo yalipoanzia, kwa sababu mama yangu, ambaye tangu baba afariki hakuwa na muda hata wa kuniuliza umelalaje, alianza kila jioni kunikalisha kwenye kigoda na kunichua goti kwa samli, huku akiniimbia kwa Kimbulu kama mtoto mchanga. Hogo likatolewa, nikatembelea fimbo. Mwanzoni maumivu yalikuwepo kweli, halafu yakaisha, mimi nikaendelea kuchechemea.

Mwezi wa kumi na moja alifika daktari mgeni kwenye hospitali ya misheni na mashine ya kupima nguvu za mapaja, tukaitwa tuliotolewa mahogo, nikaenda na mama. Dizeli unajua ilivyo adimu, lakini waliwasha jenereta kwa ajili yetu. Nikakalishwa kwenye kiti, paja likafungwa mkanda, kifundo cha mguu nacho kikafungwa kwenye mashine yenye mshale, halafu wakanibandika vyuma vidogo vyenye nyaya mbele na nyuma ya paja, vya kunasa umeme ambao msuli hutoa ukifanya kazi, na kalamu zikawa zinachora kwenye karatasi inayotembea. "Nyosha goti! Sukuma! Sukuma!" Nikakunja uso mpaka jasho likanitoka, mshale haukupanda. Daktari akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniambia kwa Kiingereza, bila ukali, kwamba msuli wa mbele unafanya kazi vizuri ila wa nyuma unavuta kuuzuia, kama dereva aliyekanyaga mafuta na breki pamoja, goti limepona, mwambie mama yako aache kukuhurumia utembee, la sivyo paja litanyauka kweli. Nesi anayetafsiri alikuwa ametoka nje, jenereta ilikuwa inakohoa. Mama akaniuliza, "Anasemaje, mwanangu?"

Nikasema, "Anasema msuli umekufa."

Mama akamshika daktari mikono yote miwili, akamshukuru. Alimshukuru, mshauri!

Sasa mdogo wangu Jovita amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, darasa zima wamechaguliwa wawili tu, yeye na Melkiadi wa kule Singe, na mama anasema haendi. "Akienda, maji achote nani? Jembe ashike nani? Huyu mwenye mguu uliokufa?" Jovita hakulia. Alichukua ndoo, akafika mlangoni akageuka, "Kaa hapo hapo, malkia wa fimbo, nakuletea maji ya kunawa."

Anatakiwa kuripoti Jumatatu tarehe 21, asipoonekana nafasi atapewa mwingine. Kila nikitaka kusema naihisi mikono ya mama gotini, naishia kuomba samli. Na jana nilijipima mapaja kwa kamba, la kulia, la goti lililovunjika, limepungua vidole viwili. Je, nikinyamaza nikaanza kupona polepole, kuna atakayejua?

Mwenye Fimbo

JIBU

Marahaba, Mwenye Fimbo.

Nilikuwa nakuhurumia mpaka nilipofika kwenye swali lako la mwisho. Kupona polepole! Siku unaandika mwenzako alikuwa amebakiwa na siku kumi na saba, wewe unatafuta njia ya kutoka bila kuonekana.

Kutamani mikono ya mama si kosa. Naye mama yako, mjane na shamba lake na foleni za sabuni, hakukosa kwa kusahau kukuuliza umelalaje. Ungemwambia, "Mama, nichue hata kama siumwi." Badala yake umeinunua samli ile kwa shule ya Jovita.

Usinitajie kuona haya. Mbele ya daktari na mashine yake ulipata maneno matatu ya kudanganya. Tafuta matatu mengine: "Mama, goti limepona." Usiyaseme ukiwa umekaa. Iache fimbo ndani, uchukue ndoo, ulete maji nusu ndoo, maana paja limenyauka kweli, uyatue miguuni pake ndipo useme. Atapiga kelele, pengine atakupiga. Usimsingizie daktari wala Kiingereza chake. Kisha kila siku, asubuhi na jioni, kaa kigodani, nyosha goti, hesabu kumi, shusha. Utaumia. Vumilia.

Lakini kuna neno lingine. Barua yako imenifikia tarehe 23. Jumatatu ile imeshapita, na hata gazeti hili hutoka karatasi ikipatikana. Basi ukisoma hapa, nenda na mama kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, kwa miguu yako, ukamweleze kwa kinywa chako ni nani aliyemchelewesha Jovita. Nafasi ikiwa ipo, ndoo ni yako. Ikiwa imekwenda, ndoo bado ni yako, na vitabu vyako vyote ni vyake, na usimwombe akusamehe haraka haraka ili wewe ulale vizuri.

Jioni mama asipokuita kwenye kigoda, usinung'unike. Mkalishe yeye, umchue miguu.