Vizuka Vinne

Akheri, Jumatatu

Dada Hanna,

Shikamoo. Huku kahawa imechanua na mvua inanyesha vizuri. Mama anakula ndizi kidogo na anakuulizia.

Tumehama kutoka Elerai, mimi na yeye. Unajua tangu biashara ziachiwe huru mume wangu Derick huleta vitu kutoka Dubai. Safari hii alileta mashine ya zamani ya michezo ya kwenye televisheni, akaifanya dini. Kila jioni wenzake walijaa sebuleni wakishindana kwa maswali ya michezo hiyo.

Alhamisi nilitoka sokoni nikamkuta Mama sakafuni kwenye korido, amelowa mkojo, midomo imemkauka. Alikuwa ameanguka akifuata maji. Nyuma ya pazia la sebule, Derick alikuwa anapaza sauti: "Yule wa njano anayekula nukta, anafukuzwa na vizuka vingapi?"

"Vinne!" wakajibu, wakacheka.

Nikamuuliza, "Derick, hukumsikia Mama?"

"Nilimsikia akiita," akasema, macho yakiwa kwenye televisheni. "Tulikuwa tunamalizia maswali."

Dada, angesema hakusikia, ningemsamehe. Nikamwogesha Mama, na kulipokucha nikamleta huku.

Jana Derick alikuja kuniomba nirudi. Nilikataa. Mama mwenyewe akasema apewe chai, nami nikampa. Alipoondoka nilikisugua kikombe chake kwa majivu, nikakitazama, kisha nikakitupa migombani.

Mdogo wako,
Elinipa